Mtoto Aliyetoweka Mikononi mwa Mtakatifu Antonio

"Bibi, mbona wewe huendi kanisani?"

Nilikuwa na miaka saba nilipomuuliza hivyo Bibi Eufelia, dada wa bibi yangu. Tulikuwa mezani, na mama yake, Mama Librada, amekaa pembeni na shali lake. Bibi Eufelia akanisogezea bakuli. "Kula, mchuzi unapoa." Mama Librada akageukia dirishani, kana kwamba kuna mgeni anakuja.

Kijiji kizima kiliijua sababu, isipokuwa sisi watoto. Sebuleni kwao kulikuwa na sanamu ya mbao ya Mtakatifu Antonio. Mkono wake ulipinda kama wa mtu aliyepakata mtoto, ila Mtoto Yesu hakuwapo. Lilibaki tundu la msumari tu. Kwetu, ukimwomba Antonio jambo naye akazubaa, unamnyang'anya Mtoto, unamficha mpaka akupe, halafu unamrudisha. Wasichana wanaotafuta mume ndio mabingwa wa mchezo huo.

Sasa, ujanani, Eufelia na shoga yake Ninfa walipanga kwenda mji wa Denver kufanya kazi hotelini. Eufelia alinunua na kitambaa chekundu cha kichwa, cha kuvaa siku ya safari. Wiki ileile Mtoto akatoweka, na kitambaa nacho kisionekane. Mgeni pekee aliyeshinda sebuleni pale alikuwa Ninfa, akishona. Eufelia alimkabili barabarani, watu wakitoka misa.

"Kama unataka mume, si uombe kama wenzio! Ndiyo uje kuiba kwetu?"

Akatema mate chini. Ninfa akapanda basi la Denver peke yake. Haikufika Krismasi, habari zikaja kwamba ameolewa na fundi bomba. Ushahidi gani tena? Eufelia akaapa kwamba hatampigia magoti mtakatifu anayewazawadia wezi. Akabaki kijijini, akamtunza mama yake, hakuolewa.

Ninfa alirudi akiwa mjane, akawa ndiye anayefagia kanisa. Kila sikukuu ya Antonio aliacha sahani ya biskuti za anisi kwenye uzio wa Bibi. Bibi aliwamwagia kuku. "Kuku wangu wana baraka kumshinda padri," alisema.

Mama Librada alifariki nikiwa na miaka kumi na tano. Sala za matanga zilipokwisha, tulifungua sanduku lake: rozari, gauni la harusi, nywele za mwanawe aliyefia vitani. Chini kabisa kulikuwa na fundo jekundu. Bibi alilifungua taratibu. Alikuwamo Mtoto, mdogo kama kidole gumba, pua imemeguka.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mama anayemfunga Mtoto ndani ya kitambaa cha safari cha binti yake anaomba jambo moja tu: binti asiondoke.

"Na hakumrudisha," Bibi akasema. "Kapewa alichotaka, na bado hakumrudisha! Hata Antonio kamdhulumu." Akakaa kitandani. "Miaka yote namwosha miguu huku namtukana Ninfa, naye ananiambia, 'Pole, mwanangu.' Pole!"

Akavaa koti akaenda kwa Ninfa, mimi nyuma yake. Mlango ulipofunguliwa, alifunua kiganja bila salamu.

Ninfa alimtazama Mtoto. Hakushtuka. Hilo ndilo lililomkata Bibi maini.

"Ulijua!"

"Nilimwona mama yako akimtoa. Alinipigia magoti, Eufelia. Kaka yako alikuwa amezikwa juzi tu, na dada yako ameshaolewa. Akasema, 'Ukimchukua na huyu, nabaki na nani?'"

"Kwa hiyo mkakaa mkanigawana kama mkate."

"Nilitaka nikwambie. Kabla sijafungua mdomo, ukaniita mwizi mbele ya parokia nzima. Na mimi nilikuwa na kiburi changu, shoga. Nikasema, kama anaweza kuliamini hilo, basi na aamini."

"Na zile biskuti?"

"Za kukuomba radhi."

"Basi waliokusamehe ni kuku."

Ninfa alicheka huku machozi yanamtoka. Bibi hakucheka. Aligeuka akarudi nyumbani, akampachika Mtoto mkononi mwa Antonio, na majira yote ya baridi hakuzungumza na yeyote kuhusu mama yake wala Ninfa. Hata Siku ya Wafu, kila kaburi la ukoo alilipelekea maua ila la Mama Librada.

Kisha Jumapili moja mwaka huu nikawaona wawili hao kwenye ngazi za kanisa, Bibi amemshika Ninfa kiwiko, wanazozana kuhusu kasi ya kupanda. Baada ya misa nilimfuata, nikamuuliza lile swali la zamani.

"Nilikuwa siendi kwa sababu niliamini Antonio alimpa mwizi mume," akasema. "Mama yangu bado nina hasira naye, usije ukaniambia nimsamehe. Na Ninfa magoti yamechoka, hapandi ngazi bila mtu. Lakini yule Antonio, mwanangu, miaka yote alisimama pale mikono mitupu, ameibiwa na mtu yuleyule aliyeniibia mimi. Wa namna hiyo naweza kukaa naye nyumba moja."