Kilo Moja ya Nyama, Bila Maneno

Mwalimu wetu wa Biashara alichora ubaoni watu wawili wenye vichwa kama viazi, akawaunganisha kwa mshale. Huyu mtumaji, yule mpokeaji, mshale ndio njia ya ujumbe. Akachora mwingine wa kurudi, akauita mrejesho. Nikainua mkono.

"Mwalimu, na huo mshale hupewa chakula cha mchana?"

Darasa likaangua kicheko. Nilitumwa nje nikasimame karibu na tangi la maji, mahali ambapo vyura walikuwa wameshanizoea. Lakini sikuwa natania sana. Nyumbani kwetu, juu kidogo ya mji wa Nyeri, mshale ulikuwa mimi.

Baba na mama walikuwa hawasemezani tangu baba alipouza ndama ambaye mama alimlea kwa mkono. Aliuza bila kumuuliza. Jioni ile mama alikuta kamba tupu, akaikunja, akaitundika. Kuanzia hapo kila neno lilipitia kwangu, hata wakiwa wamekaa hatua mbili mmoja kutoka kwa mwenzake.

"Mwambie baba yako chai iko kwa thamosi."

"Mwambie mama yako nimeiona."

Nikawa nageuza shingo kama jogoo anayesikiliza. Na kwa sababu mdomo wangu haujui kubeba mzigo bila kuonja, nikaanza kutia chumvi. Mama akisema sabuni imeisha, mimi namgeukia baba: "Mheshimiwa, tunasikitika kutangaza kwamba sabuni imetutoka baada ya kuugua kwa muda mfupi." Baba anakohoa ili asicheke. Mama anainamia sufuria, mabega yanacheza. Nilijiona fundi. Nilidhani nyumba imesimama kwa sababu yangu.

Sasa, kwetu mwanamume hasemi pole. Baba sijawahi kumsikia akiitamka, hata akikukanyaga. Hununua nyama. Huileta mwenyewe, huitundika kwenye msumari wa mlango wa jikoni, hukohoa, kisha huenda kukaa. Mama huipika. Jioni baba akikuta kipande laini kwenye sahani yake, maneno yameisha. Hakuna aliyesema kitu na kila mtu amesikia. Hiyo mwalimu hakuichora.

Jumamosi moja baba aliniita nje ya buchari, akanipa kilo moja iliyofungwa kwa karatasi ya kaki. Huniita maitu, yaani mama, kwa sababu nilirithi jina la mama yake.

"Maitu, pelekea mama yako."

"Nimwambie nini?"

"Peleka tu."

"Si ulete mwenyewe?"

"Kasichana haka! Nimesema peleka." Akaangalia viatu vyake, akarudi kwa wenzake waliokuwa wanacheza drafti.

Mama alikuwa anamenya viazi. Alipoiona ile karatasi alisimama. Akajipangusa mikono kwa leso, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayeenda kupokea zawadi kanisani. Akachungulia nyuma yangu, njia ilikuwa tupu.

"Amesema nini?"

Jibu lilikuwa "hakuna". Neno moja tu. Lakini mimi?

"Amesema uchemshe vizuri, ati ile ya Krismasi ilikuwa ngumu kama kiatu cha polisi."

Nikangoja kicheko. Mama aliipokea ile nyama, akaitundika msumarini mwenyewe, akarudi kwa viazi vyake. Tulikula viazi. Asubuhi akafunga begi. "Mwambie baba yako nimeenda Kianyaga kumsaidia mama yangu kuchuma chai."

Baba alikuta nyama pale pale, imenyauka pembeni. "Kwani hukumpa?"

"Nilimpa."

Ningeweza kuongeza yale niliyomwambia. Siku hiyo ndiyo mdomo ulipojifunza kunyamaza, na ilikuwa siku mbaya ya kujifunza. Nyama ililiwa na mbwa.

Likizo fupi ilipofika nikaenda Kianyaga. Nilimkuta mama kwenye mistari ya chai, kikapu mgongoni, nikamwambia yote kabla hata ya salamu: kwamba baba hakusema chochote, kwamba kile kiatu cha polisi kilikuwa changu.

Mama hakuacha kuchuma. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Wee, baba yako tangu anioe hajawahi kusema sentensi ndefu hivyo." Karibu acheke. Hakucheka. "Mimi niliangalia njia, nikaona ni wewe tu. Kama ungenyamaza, ningejidanganya kwamba ni pole. Ningepika. Lakini ulipofungua mdomo nikajua kabisa ndani ya hiyo karatasi hakuna mtu."

Nilitaka anipige kofi. Ingekuwa nafuu.

"Basi rudi nyumbani, mama."

Akachuma majani mawili na chipukizi lake, akatupa kikapuni. "Mwambie baba yako yule ng'ombe wetu anakaribia kuzaa. Amtandikie nyasi kavu."

"Mpigie simu umwambie wewe!"

"Mwambie."

Nilipofika nyumbani baba alikuwa zizini, ameshika ndoo. Alinisikia langoni akageuka haraka kuliko nilivyowahi kumwona akigeuka.

"Maitu. Amesema nini?"

Njia nzima, kutoka Kutus hadi Karatina, nilikuwa nimetunga maneno. Matamu. Nilikuwa nayo ya kumtoa baba zizini mpaka Kianyaga akiwa na gambuti zake za zizini miguuni.

"Amesema ng'ombe anakaribia kuzaa. Umtandikie nyasi kavu."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Alingoja. Kwa mara ya kwanza nilifikisha ujumbe kama ulivyotumwa, na baba akabaki ananiangalia mdomo, kana kwamba nimekula sehemu yake njiani. Kisha akaweka ndoo chini, akaenda kutafuta nyasi.