Picha ya Pili ya Mguu

Picha ya kwanza ya eksirei ya mguu wangu haikuonyesha kitu, na kwa wiki tatu nikaonekana mwongo.

Nilikuwa nikijiandaa kwa mashindano, nikikimbia kila alfajiri hapa Muyeye, na jioni tena kwenye uwanja wa shule, mgumu kama saruji. Mfupa wa ugoko ukaanza kuuma mahali pamoja tu, mama akanipeleka hospitali nikapigwa picha. Mwalimu wa michezo aliiinua ile picha dirishani.

"Mfupa mzima huu. Kesho uwanjani."

"Bibi harusi, waogopa jua!" akacheka mwenzangu wa timu.

Kesho yake nikaingia uwanjani. Nikakimbia. Nyumbani mama alinikanda kwa mafuta ya nazi ya moto, na akifika pale panapouma naiuma kanga nisipige kelele.

Wiki ya tatu nilishindwa kupanda ngazi za darasani. Mama akanirudisha hospitali, nikapigwa picha nyingine. Daktari akauonyesha kwa kalamu mstari mwembamba kwenye mfupa.

"Ufa kama huu mara nyingi hauonekani mwanzo. Ni kukimbia bila kupumzika. Wiki sita, usikimbie. Wala msimkande hapo."

"Nisamehe, mwanangu," mama akasema. "Nami nilivyokuwa nikikukandamiza!"

Nililia, akadhani nalilia mashindano. Kweli ni kwamba nilikuwa nimechoka, na sasa nina ruhusa ya kulala mpaka jua litoke. Kesho yake nilimpa mwalimu karatasi ya daktari. Aliisoma mara mbili, akaniletea kiti.