Jiko Lililooga

Uji wa wimbi umefurika na kuungulia kwenye jiko langu la kioo. Nimelimwagia siki, nangoja ulainike, na harufu ya uji ulioungua inanirudisha kijijini Paya, jikoni kwa bibi.

Siku ile pia uji ulifurika. Bibi alikuwa kanisani, nami nikataka akute jiko linang'aa, nikalisugua kwa maji na sabuni. Lilikuwa jiko la udongo. Mdomo wake ulilegea, ukabomokea mikononi mwangu.

"Mjukuu wangu, kumbe jiko nalo linaoga?" bibi aliuliza aliporudi.

Akakanda udongo wa kichuguu na mavi ya ng'ombe, tukalisiriba pamoja. Alama ya kiganja changu ilibaki ubavuni. Bibi hakuifuta.

Sasa kioo kimepoa, kimetakata. Mwanangu anakiegemea, anaacha alama ya kiganja chake katikati. Naanika kitambaa cha kufutia.