Wake Wawili na Mwanamfalme wa Uchina

Nikisikia ngoma za tamthilia ya Kichina kwa jirani, roho hunichoma. Humkumbuka mama mkubwa, Bi Tabu, aliyetutoka mwaka wa tatu sasa. Nyumba yetu ya Tandika haijapata tena mtu wa kuigombeza televisheni kwa Kizaramo.

Alikuwa mke wa kwanza wa baba, na hakujaliwa mtoto. Mama yangu, mke mdogo, alizaa sita. Waliishi nyumba moja, kila mtu na jiko lake, wakisalimiana kwa adabu na kununiana kwa ustadi. Kilichowakalisha mkeka mmoja ni Mwanamfalme. Magharibi ikishaswaliwa walimtazama huyo kijana wa ikulu ya Uchina, aliyetiwa Kiswahili safi kutushinda sie, pamoja na wake zake na fitina zao. Mama mkubwa alimtetea mke mkubwa, mama akamshika mdogo.

"Mumeo huyo hana haya," mama alikuwa akisema.

"Wangu? Si kwako ndiko anakolala!"

Baba alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Jambo moja lilimkaa mama mkubwa moyoni. Katika nyumba ile ya kifalme, watoto wote, awe amewazaa nani, mbele ya watu mama yao alikuwa mke mkubwa.

"Shamimu, hivi kweli wenzetu walikuwa wanafanya hivyo?" aliniuliza zaidi ya mara moja. Nilimwambia ni kweli. Kwao Kisiju, mjane asiye na mtoto eda ikiisha ndugu huja kumchukua, na hilo ndilo alilokuwa akiliogopa.

Baba akafariki. Wakakaa eda pamoja. Siku moja Mwanamfalme naye akafa kwenye kioo, na mama mkubwa, Mungu amrehemu, akamsomea Fatiha.

"Dada! Si Mwislamu huyo!" mama akashtuka.

"Mume ni mume," akajibu, huku analia kweli.

Eda ilipoisha tu, kaka yake, Mzee Mwinjuma, alifika na gari la kukodi. Alikuja kwa nia njema, simlaumu, ingawa siku ile niliomba gari lake ligome kuwaka. Mama mkubwa alikuwa ameshafunga kanga zake kwenye begi, amekaa nalo ukumbini kama mgeni. Vijembe vyote vilikuwa vimemwishia.

Mama akatoka jikoni, akalinyakua lile begi, akalirudisha chumbani.

"Kaka, unampeleka wapi dada?"

"Nyumbani. Hapa mwenzio hana mtoto."

"Anao sita. Mie niliwazaa tu."

Mzee Mwinjuma akainamisha kichwa. Mimi nilishindwa kuyazuia machozi. Mama mkubwa akajifuta uso kwa pindo la kanga, kisha akanigeukia kwa sauti kali ambayo hakuwahi kunitolea maishani.

"Shamimu! Mjomba wako kakaa muda wote huu, hata maji hujampa. Hivi mie sikukufunza adabu?"