Sauti Kwenye Zizi la Mashimba

Muharami fundi redio hakuzaliwa Nyamuswa. Alitoka Bunda mjini na mkewe Shamsia, wakiwa na sanduku la vifaa na jiko la mkaa, baada ya ndugu zake kumchoka kwa tabia yake ya kubomoa vitu vizima ili aone jinsi vinavyofanya kazi. Mzee Mashimba, mfugaji, ndiye aliyewapa kiwanja cha kujenga na kibanda cha ufundi kando ya barabara. Walikaa pale kwa neno la mzee tu. Siku neno hilo likiondoka, nao wanaondoka.

Kila kitu alichokishika Muharami, alikiona kingeweza kutengenezwa upya. Bomba la maji aliliwekea kanyagio, ili mama mwenye mtoto mgongoni asiiname. Simu za wazee aliziondolea maandishi akaweka picha za nyuso. Ukitaka kumpigia mwanao, unamgusa usoni. Watu walicheka, halafu wakamletea na zao.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa boksi la zizini. Ng'ombe wa Mashimba walikuwa wakipotea malishoni, na mara nyingine iligundulika asubuhi tu kwamba hawakurudi. Muharami akawafunga shingoni vipande vya plastiki vyenye kadi ya kielektroniki ndani, kisha langoni akaweka boksi lenye kioo cha tableti kuukuu. Ng'ombe akipita, picha yake inang'aa. Asiyerudi, picha yake inabaki giza.

"Namba usiweke," Mashimba alimwonya tangu mwanzo. "Ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti mbele ya watu. Sisi tunamjua kila mmoja kwa rangi yake. Anayewataja kwa idadi anawaitia kifo."

"Nimeelewa, mzee. Picha tu."

Jioni ya kwanza mzee aliketi mbele ya kioo akacheka mpaka akakohoa. "Fundi, huyu mweusi wa pembe moja umemwongezea uzuri. Hapa hana hata kupe!"

Boksi likamfikisha Muharami kwenye maonyesho ya wabunifu Musoma. Waamuzi walizisifu picha, wakauliza kama linaweza pia kutaja jumla kwa sauti, kwa mtu asiyeona vizuri au aliye mbali na kioo. Halikuwa swali baya. Muharami, ambaye hakuwahi kusifiwa na mtu mwenye kitambulisho shingoni, alijibu haraka: "Linaweza." Aliporudi akamkalisha Shamsia mbele ya simu, akamrekodi akisoma namba. Alimwambia ni za majaribio. Mwenyewe alijiambia sauti hiyo itasikika Musoma tu, na huku zizini italala.

Kumbe waamuzi walitaka kuja kuliona boksi likifanya kazi. Siku waliyofika majirani walijaa. Ng'ombe wakaingia, picha zikawaka moja moja, na mzee akawa anawatajia wageni rangi za ng'ombe wake kwa fahari. Ndipo mgeni mmoja akauliza, "Na ile sauti, fundi?"

Angeweza kusema imeharibika. Mafundi husema hivyo kila siku. Lakini kidole kilimtangulia. Sauti ya Shamsia ikatoka kwenye spika, safi kabisa, ikataja idadi ya ng'ombe wa Mashimba mbele ya boma zima, kama msimamizi anayetangaza matokeo ya kura.

Wageni wakapiga makofi peke yao. Mashimba alifunga lango, akaingia ndani.

Mwezi haukuisha kabla ugonjwa wa ndigana haujaingia zizini. Wakaanza kufa ndama, halafu yule mweusi wa pembe moja. Daktari wa mifugo akasema ni kupe, ng'ombe hawakuogeshwa vya kutosha.

"Ni kupe, sikatai," Mashimba alimwambia Muharami alipokwenda kuomba radhi. "Lakini nani aliwaonyesha njia?"

"Mzee, nitalibomoa boksi. Nitafuta kila kitu."

"Kwenye boksi utafuta. Masikioni mwa watu utafutaje?" Hakumfokea. "Nilikuwaga nakuita mwanangu. Sasa sijui nikuiteje. Vuneni mahindi yenu, halafu muondoke."

Hilo Muharami angelibeba. Lililomshinda ni lile lililompata mkewe. Bombani wanawake waliwafunika watoto wao kanga Shamsia alipowasalimia. Mmoja alimwambia huku akicheka nusu, "Pita shoga, lakini usituhesabu." Maandazi aliyokuwa akiuza yakawa yanalala bila mnunuzi. Shamsia, ambaye kicheko chake kilikuwa kinasikika mpaka barabarani, akaanza kunong'ona, kisha hata kunong'ona akaacha.

"Hukuniambia nasoma idadi ya nini," alimwambia mumewe siku walipokuwa wanafunga mizigo. Tangu hapo ni machache sana aliyoyasikia kutoka kinywani mwake.

Siku hizi Muharami yuko Buhare, pale Musoma, anachaji simu za watu na kubadili vioo vilivyopasuka. Kitu kibovu kikiletwa, anakirudisha kama kilivyokuwa, haongezi chochote. Shamsia yuko Bunda kwa kaka yake, Anuari. Kila Ijumaa baada ya sala, Muharami humpigia. Shamsia hupokea. Anasikika akihema tu. Muharami anaongea, anaomba msamaha, anampa habari za mjini, anauliza atarudi lini. Simu inakatwa. Baadaye kidogo unaingia ujumbe: "Nimekusikia."