Kibuyu cha Kuomba Radhi

Harufu ya pombe ya mtama iliyokuwa ikichachuka mtungini ndiyo iliyoninyima usingizi likizo iliyopita, nyumbani kwetu karibu na Kharumwa. Asubuhi nilitakiwa kuibeba. Nikawaza, nikawazua: nikikataa, nitakuwa nimemtetea dada yangu Nyamizi, au nitakuwa nimemdharau mama kwa kuwa tu nimehitimu ualimu?

Harufu ile naijua tangu utotoni, miaka ya vita vya Wazungu. Msimu mmoja wa mavuno baba alirudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita, akampiga mama kwa fimbo ya kuchungia kwa sababu ugali ulichelewa. Mama akanishika mkono, tukakimbilia kwa babu, baba yake. Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Hawakusema zizi likimkataa aende wapi. Ng'ombe wa mahari ya mama walikuwa bado kwa babu, na kama mama asingerudi kwa mumewe, wangerudishwa wao. Basi bibi akapika pombe, maana kwa desturi yetu mwanamke aliyekimbia kipigo alirudi na kibuyu, akapiga magoti kumwomba radhi aliyempiga. Nilikibeba mimi kichwani. Povu lilinitiririka usoni hadi mdomoni, chungu na tamu. Tukapita kwa wanawake waliokuwa wakipura mtama.

"Mayu, mgongo umepona?" mmoja akamtania mama.

"Umepona, unadai fimbo nyingine!" mama akajibu. Wakaangua kicheko, naye akacheka nao.

Nyumbani baba alianza kunywa mama akiwa bado magotini. "Binti huyu hakumwaga hata tone," akanisifu. Nilifurahi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na aibu ya furaha ile naijua mimi peke yangu.

Baba alishafariki. Sasa Nyamizi alikuwa amekimbia kutoka kwa mumewe, kijiji cha pili, jicho limevimba, na mama yuleyule ndiye aliyepika pombe. Asubuhi akanikunjia ngata ya majani.

"Msindikize dada yako. Wewe humwagi."

"Mama, ulipopiga magoti, ulikuwa umekosa nini?"

"Nilichelewesha ugali."

"Na Nyamizi?"

Aliendelea kuikunja ngata iliyokwisha kukunjika. Siku hizi watoto wananiamkia mwalimu na baiskeli zinapita hapa, lakini njia ya kibuyu bado haijaota nyasi. Nikakitwika, Nyamizi akanifuata akiwa ameinamisha kichwa. Tulipofika kwa majirani waliokuwa wakipura, nikakitua, nikaomba kata, nikaanza kuwagawia.

"Sherehe gani tena, mwalimu?"

"Tunamkaribisha Nyamizi. Amerudi nyumbani."

Mama alikuwa ametufuata nyuma. "Na ng'ombe je?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Wenyewe waje wawachukue," nikajibu.

Nikamjazia mama kata. Akavuta kigoda, akanywa akiwa ameketi.