Mafuta ya Moto na Shemeji Mlangoni

Mke wangu alipopata kazi kwenye hoteli ya watalii kule juu, ukingoni mwa kreta, hakuniletea habari hizo kwa furaha. Alisema ataikataa. Kazi ilimtaka alale hukohuko siku za zamu, na nani angebaki Karatu na kipofu kwenye nyumba yenye jiko la gesi? Maneno yale yalinikata maini. Nilikuwa mpishi wa kambi miaka mingi, nimewapikia wageni kule Olbalbal kwenye vumbi na upepo wa kuzima kila kiberiti. Leo, kwa sababu presha ya macho imenipofusha, nageuzwa mtoto wa kuwekewa sahani mkononi.

"Nipime," nikamwambia. "Chagua chakula unachokiogopa kuliko vyote."

Hakusita. "Chipsi."

Nilicheka. Mafuta ya moto hayana msamaha. Lakini ng'ombe hashindwi na nunduye, na kila alipokwenda sokoni nilikuwa nikijizoeza kimyakimya, kwanza jiko likiwa limezimwa, kisha kwa chai, kisha kwa mayai.

Siku ya mtihani alikuja pia dada yake, akasimama mlangoni kushuhudia. Shemeji yangu ana moyo mwema na mikono isiyotulia. Nikakunja mikono ya shati juu ya viwiko, maana nguo inayoning'inia moto huipenda kuliko kuni. Nikaweka kikaango jikoni kabla ya kuwasha, nikakisogezasogeza mpaka kikakaa katikati, mpini nikauelekeza pembeni, upande wa ukuta. Mafuta nikayapima kwa kikombe, nikayamimina yakiwa baridi. Ndipo nikawasha.

"Utajuaje kama yamepata moto?" shemeji akauliza.

"Yatasema yenyewe."

Nikadondosha kipande cha kiazi kwa kijiko kirefu. Kimya. Nikangoja. Cha pili kikalia papo hapo. Viazi nilikuwa nimevifuta maji kwa kitambaa, nikaviteremsha kidogo kidogo kwa kijiko cha matundu. Viazi vibichi hupiga kelele nyingi. Vikikaribia kuiva sauti inakuwa nyembamba. Sauti hiyo naijua kuliko ya shemeji, na ya shemeji naijua sana.

Nikageuka kuchukua bakuli. Niliporudi, nilitanguliza mwiko kutafuta ukingo wa kikaango, kama kawaida yangu kabla ya kupeleka mkono. Mwiko ukagonga mpini. Ulikuwa umeelekezwa kwangu, tayari kunaswa na shati langu na kunimwagia mafuta yote.

Nikarudi nyuma, nikafikia swichi kwa pembeni, nikazima gesi.

"Nani amegusa?"

Shemeji akajibu ubavuni kwangu. "Nilikusogezea karibu, shemeji, usihangaike kuutafuta."

"Ukitaka kuniunguza, nisaidie hivyohivyo. Jikoni kwangu hakihamishwi kitu bila kuniambia."

Nilisema kwa ukali na sikujuta. Ila moyo ulinishuka. Niliona mtihani umeharibika, chipsi zinakunywa mafuta yanayopoa na mke wangu ameshuhudia yote. Nikaurudisha mpini ukutani, nikawasha tena, nikamaliza kazi. Nikazima, nikazitoa chipsi, mafuta nikayaacha palepale yapoe. Zilikuwa zimelegea kidogo. Shemeji ndiye aliyekula nyingi.

"Nilisimama hapa kuona kama utaungua," mke wangu akasema hatimaye.

"Halafu?"

"Nimeona ulivyozima."

Nilijifanya nasafisha meza, maana machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka shemeji apate la kusimulia. Nilijisikia kama nimerudishiwa nyumba yangu.

Asubuhi ya kuondoka kwake nilimsikia akiweka begi sakafuni, kisha akavuta kiti. Tangu tuoane sikuwahi kumsikia akikaa jikoni bila kazi mkononi.

"Baba watoto," akasema, "nasubiri chai."

Nikaweka sufuria, nikawasha, nikasikiliza maziwa yakipanda, nikazima kabla hayajamwagika. Alikunywa yote, akalalamika kwamba sukari imezidi, akachukua begi lake. Mlangoni aliniaga kama mke yeyote anavyomuaga mumewe akienda kazini. Hakuniambia niwe mwangalifu.